Siku, Saa na Mahali: Lugha ya Matangazo ya Shughuli za Wazi katika Chuo Kikuu

1. Utangulizi

Chuo kikuu hakiishi kwa masomo ya darasani peke yake. Mwaka mzima hufanyika ndani yake shughuli zisizowahusu wanafunzi na walimu tu: mihadhara ya wazi, utetezi wa tasnifu mbele ya watu, maonyesho ya picha, michezo ya kuigiza, mashindano ya mpira, upandaji wa miti, usafi wa pamoja. Shughuli hizi huitwa za wazi kwa sababu kila mtu ana ruhusa ya kuhudhuria. Lakini kuruhusiwa ni jambo moja na kualikwa ni jambo lingine. Mtu asiyejua kwamba ameruhusiwa, au aliyeambiwa siku akaielewa kuwa nyingine, hana tofauti na mtu aliyefungiwa mlango.

Makala haya yanaeleza jinsi tangazo la shughuli ya wazi linavyofanya kazi katika chuo kikuu cha Kongo ambacho lugha yake ya kufundishia ni Kifaransa, na ambacho majirani zake huzungumza Kiswahili. Mfano unaotumiwa ni ule wa Lubumbashi. Hoja yenyewe ni moja: Kiswahili sanifu na Kiswahili cha mji hutofautiana hasa katika maneno yale ambayo mwalikwa hapaswi kuyakosea, yaani siku, saa, mahali na jambo linalofanyika. Kwa hiyo haitoshi kulitafsiri tangazo kutoka Kifaransa. Ni lazima litungwe kwa ajili ya yule anayealikwa.

2. Chuo na mji

Mji wa Lubumbashi, uliojulikana zamani kwa jina la Élisabethville, ulianzishwa mwaka 1910. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika Katanga kabla ya hapo, kwa njia ya wafanyabiashara waliofika Bunkeya kwa mfalme Msiri katika karne ya 19. Baadaye migodi na kambi za wafanyakazi zikakifanya kuwa lugha ya kuelewana kati ya watu waliotoka katika makabila mengi. Chuo kikuu kilifungua milango yake mwaka 1956. Mwaka 1971 kiliunganishwa na vyuo vya Kinshasa na Kisangani kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaïre, na mwaka 1981 kikawa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Katika mageuzi hayo yote Kifaransa kilibaki lugha ya ukumbi wa masomo, na Kiswahili kikabaki lugha ya barabara, soko na nyumba.

Mwachano huo wa lugha una uzito wake. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa katika kampusi ya Lubumbashi. Idadi ya waliokufa imebaki jambo la mabishano tangu siku ile. Habari za msiba huo zilipita kwanza kinywani mwa watu, katika kile ambacho Wakongomani wote hukiita radio-trottoir, yaani radio ya barabarani. Mahali ambapo chuo hakisemi na mji katika lugha ya mji, radio hiyo hujaza pengo, na mji hukijua chuo kwa misiba na migomo yake tu. Shughuli za wazi ni njia ya kukifahamu kwa mambo mengine.

Mji wenyewe umekwisha kuonyesha kwamba una la kusema. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha mji historia ya Élisabethville jinsi watumishi wa nyumbani walivyoikumbuka. Andiko hilo lilichapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990, pamoja na maelezo yake. Katika miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alieleza historia ya nchi kwa picha, naye alizifafanua kwa Kiswahili hicho hicho. Kundi la waigizaji la Mufwankolo liliijaza mitaa kicheko na mafunzo kwa lugha inayosikika sokoni. Na mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000, uliwaunganisha watafiti wa chuo na wakaaji wa mji katika kukusanya kumbukumbu na kuzionyesha hadharani. Mifano hii inathibitisha kwamba mkaaji wa mji haji chuoni kupokea tu. Mara nyingi ndiye mwenye habari ambazo chuo kinazitafuta.

3. Kalenda ya shughuli

Baadhi ya shughuli hutangazwa zinapotokea, kama vile utetezi wa tasnifu ya udaktari, ambao kwa desturi hufanyika mbele ya watu wote wanaopenda kusikiliza. Nyingine hurudi kila mwaka kwa tarehe zinazojulikana, na kwa hiyo zinaweza kutayarishwa mapema. Kwa idara inayoshughulika na lugha, tarehe nne zafaa kukumbukwa.

Ya kwanza ni tarehe 21 Februari, Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama. UNESCO iliitangaza mwaka 1999, na huadhimishwa tangu mwaka 2000. Inawakumbuka wanafunzi waliouawa mjini Dhaka tarehe 21 Februari 1952 walipokuwa wakiitetea lugha yao ya Kibengali. Siku hii yafaa kuwaalika wazee waje wasimulie hadithi kwa Kibemba, Kiluba, Kisanga au lugha nyingine za nyumbani.

Ya pili ni tarehe 27 Machi, Siku ya Michezo ya Kuigiza Duniani, iliyoadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1962. Ya tatu ni tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, inayoadhimishwa tangu mwaka 1973. Katika mji ambao misitu yake ya miombo hukatwa kwa ajili ya makaa ya kupikia, upandaji wa miti una maana kwa mwanafunzi na kwa mama wa nyumbani sawasawa.

Ya nne ni tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. UNESCO iliitangaza mwezi Novemba 2021, na maadhimisho ya kwanza yalifanyika mwaka 2022. Tarehe hiyo inakumbusha mwaka 1954, wakati chama cha TANU, kikiongozwa na Julius Nyerere, kilipokifanya Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru wa Tanganyika. Katika mwaka ule ule wa 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Siku hii, kuliko nyingine yoyote, yatazamiwa kutangazwa kwa Kiswahili. Lakini hapo ndipo linapozuka swali: kwa Kiswahili kipi?

4. Majina ya siku

Tofauti ya kwanza, nayo ndiyo yenye hatari kubwa, imo katika majina ya siku. Kiswahili sanifu huanza kuhesabu baada ya Ijumaa: Jumamosi ni siku ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu. Hesabu hii ina asili katika desturi ya Waislamu wa pwani, ambao siku yao kuu ya sala ni Ijumaa. Kiswahili cha Kongo huanza kuhesabu baada ya siku ya sala ya Wakristo. Kwa hiyo siku inayofuata Jumapili huitwa Siku ya Kwanza, kisha huja Siku ya Pili, Siku ya Tatu, Siku ya Ine na Siku ya Tano. Jumamosi ni Siku ya Posho, jina linalokumbusha mgawo wa chakula cha wafanyakazi. Jumapili ni Siku ya Yenga.

Matokeo yake ni haya. Neno Jumatatu lina tatu ndani yake, lakini Siku ya Tatu ya Kongo ni Jumatano. Neno Jumatano lina tano ndani yake, lakini Siku ya Tano ya Kongo ni Ijumaa. Mtu asiyezoea majina ya pwani, akisikia redioni kwamba mhadhara utafanyika Jumatano, anaweza kushika ile tano na kufika chuoni siku mbili baada ya mhadhara kwisha. Hakukosa akili wala elimu. Alihesabu vema, ila alianza mahali pengine. Kwa sababu hiyo jina la siku lisisimame peke yake. Liandikwe kwa namna zote mbili, na tarehe ya mwezi ifuate.

5. Hesabu ya saa

Katika saa kuna mitego miwili. Mtego wa kwanza ni hesabu yenyewe. Kiswahili huhesabu saa tangu kucha na tangu kuchwa, na Kifaransa huzihesabu tangu usiku wa manane. Kinachoandikwa 15 h 00 katika tangazo la Kifaransa ni saa tisa za alasiri. Mwanafunzi aliyezoea ratiba ya masomo ya Kifaransa, akisoma saa tisa bila neno jingine, huenda akadhani ni 9 h 00 ya asubuhi. Kinyume chake, mfasiri mwenye haraka huandika saa kumi na tano, saa ambayo katika hesabu ya Kiswahili haipo. Dawa ni kutaja sehemu ya siku kila mara, asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku, na kuongeza tarakimu za Kifaransa katika mabano.

Mtego wa pili ni ukubwa wa nchi. Kongo ina majira mawili: Kinshasa iko nyuma ya Lubumbashi kwa saa moja, na Goma, Bukavu na Kisangani zinafuata majira yale yale ya Lubumbashi. Dar es Salaam na Nairobi ziko mbele ya Lubumbashi kwa saa moja. Zamani jambo hili liliwahusu wasafiri na wasikilizaji wa redio ya taifa. Leo mihadhara mingi husikilizwa kwa njia ya intaneti kutoka miji mbalimbali, na tangazo lisilotaja majira humfanya msikilizaji wa mbali akute watu wanaagana.

6. Majina ya mambo na ya mahali

Kuna maneno yanayofanana kwa sura na kutofautiana kwa maana. Mifano miwili yatosha. Neno masomo, katika Kiswahili sanifu, ni yale yanayofundishwa. Huko Lubumbashi ni shule yenyewe, na mtoto huenda ku masomo. Tangazo lisemalo kwamba watu watakutana baada ya masomo lina maana mbili kwa mkaaji wa mji. Neno makala nalo, katika Kiswahili sanifu, ni andiko kama hili. Katika mji wa Lubumbashi makala ni yale makaa ya kupikia yanayouzwa katika magunia. Mama akisikia kwamba wataalamu watasoma makala tangu asubuhi hata jioni, ana haki ya kushangaa.

Mahali nako kuna shida yake. Tangazo huandikwa mara nyingi kwa jina la ukumbi linalojulikana na wanafunzi peke yao, nao huuita auditoire kwa Kifaransa. Neno sanifu ukumbi ni zuri, lakini halimwongozi mtu ambaye hajapata kukanyaga kampusi ya Kasapa. Yeye anahitaji kujua ashuke wapi kwenye teksibasi, aingie kwa mlango gani, na nani atampokea. Mkaaji wa Katuba au Kenya (Kenya ya Lubumbashi, si nchi ya Kenya) hulipa nauli ya kwenda na kurudi. Akipotea mara moja, hatalipa mara ya pili.

Mwisho kuna neno la kiingilio. Usemi wa kiingilio bure hauchukui nafasi ya maelezo yaliyo wazi. Katika mji ambao karatasi nyingi na huduma nyingi hulipiwa, wengi hawaamini kwamba chuo kitampokea mtu bila makuta. Ni afadhali kuandika kwamba hakuna malipo, wala mtu hataulizwa kadi ya mwanafunzi.

7. Kiswahili kipi?

Hapa hutokea mabishano kati ya walimu. Wengine husema kwamba chuo kikuu ni mlinzi wa lugha sanifu, na kwamba kuandika batu bote badala ya watu wote, au bitabu badala ya vitabu, ni kuishusha hadhi yake. Wengine hujibu kwamba tangazo lisiloeleweka ni karatasi tu, na kwamba Kiswahili cha Lubumbashi kina kanuni zake kama lugha nyingine yoyote: kiambishi ba- cha watu na bi- cha vitu hufuata utaratibu uleule wa upatanisho.

Mabishano haya hupungua mara tu tangazo linapoangaliwa kwa jinsi linavyofika kwa watu. Tangazo la chuo hupita njia mbili. Njia ya kwanza ni maandishi: karatasi inayobandikwa katika valve, yaani ubao wa matangazo, au inayotumwa kwa simu. Njia ya pili ni sauti: redio za mji, matangazo baada ya ibada kanisani na msikitini, mwito wa mkuu wa avenue, mazungumzo ya lupango kwa lupango. Maandishi yanaweza kuwa sanifu, mradi maneno yenye mitego yafafanuliwe. Sauti yafaa iwe ya mji, kwa kuwa anayesikiliza hawezi kurudi nyuma na kusoma tena. Sanifu na lugha ya mji hazishindani. Kila moja ina kazi yake.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inataja katika kifungu chake cha kwanza lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Inaiagiza Dola kuziendeleza pasipo ubaguzi. Agizo hilo huonekana kuwa kubwa mno linaposomwa katika mkutano wa wakuu. Linapoanzia kwenye karatasi moja ya ubao wa matangazo, kila idara inaweza kulitimiza.

8. Namna ya kutunga tangazo

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya maelezo haya. Unaonyesha tangazo lisilo na kosa la sarufi, na hata hivyo halimfikii mtu:

«Wanajumuiya wote wanaarifiwa kuwa usomaji wa makala kuhusu Kiswahili utafanyika Jumatano saa tisa katika ukumbi wa kitivo. Nyote mnakaribishwa.»

Mkaaji wa mji anaweza kuelewa kwamba siku ni Ijumaa, kwamba wakati ni asubuhi, na kwamba jambo lenyewe ni makaa. Tena hajui kitivo ni nini, wala hana hakika kama yeye ni mwanajumuiya. Tangazo hilo laweza kutungwa upya hivi, kwa mwaka ambao tarehe 7 Julai ni Jumanne:

«Baba na mama, ndugu na dada, wakaaji wote wa Lubumbashi! Siku ya Pili (Jumanne), tarehe 7 Julai, saa tisa za alasiri (15 h 00), njooni kampusi ya Kasapa kuisherehekea Siku ya Kiswahili. Walimu watazungumza kwa Kiswahili juu ya historia ya lugha yetu katika mji huu. Kisha wazee watasimulia maisha ya kambi za wafanyakazi, nanyi mtauliza maswali. Hakuna malipo, wala hamtaulizwa kadi. Wanafunzi watawangoja pale teksibasi zinapoishia. Mwisho ni saa kumi na moja na nusu za jioni (17 h 30), kabla ya giza kuingia.»

Tangazo la pili ni refu zaidi, lakini kila neno lililoongezwa linajibu swali ambalo mwalikwa angeuliza: ni mimi ninayeitwa? siku gani? kwa hesabu gani? nitaelewa? nitalipa? nitafikaje? nitarudi saa ngapi? Saa ya kumaliza mara nyingi husahauliwa, ingawa kwa mama mwenye watoto na kwa mtu anayekaa mbali ndiyo inayoamua kama atakuja au hatakuja.

Jambo moja zaidi lastahili kuangaliwa. Katika tangazo la kwanza watu wanaarifiwa; katika la pili wanaitwa, na wameahidiwa nafasi ya kusema. Tofauti hiyo ya vitenzi si pambo. Kitenzi cha kutendwa, wanaarifiwa, kinafaa kwa amri za ofisi. Hali ya kuomba, njooni, hufaa kwa mwaliko, nayo ndiyo desturi ya watu wetu wanapoitana kwa arusi, kwa matanga na kwa kazi ya pamoja. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Chuo kinachowaita majirani zake kinajitafutia uponyaji wake chenyewe.

9. Hitimisho

Imeelezwa kwamba shughuli ya wazi hupata uwazi wake kwa tangazo, na kwamba tangazo la Kiswahili lina mitego yake katika majina ya siku, hesabu ya saa, majira ya miji, maneno yenye maana mbili na majina ya mahali. Imeonyeshwa pia kwamba mitego hiyo huondolewa kwa njia nyepesi: kuandika siku kwa majina yote mawili pamoja na tarehe, kutaja saa kwa hesabu zote mbili, kumwelekeza mgeni tangu njiani, na kumwambia waziwazi kwamba anaitwa.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kwamba kabla ya tangazo kubandikwa au kusomwa redioni, lisomwe kwanza kwa sauti mbele ya mtu mmoja asiye wa chuo: mlinzi wa lango, mwenye kuuza mikate karibu na mabweni, dereva wa teksibasi. Aulizwe: ni siku gani? saa ngapi? kutakuwa na nini? Akijibu sawasawa, tangazo liende. Akikosea, yafaa lirekebishwe, wala asilaumiwe yeye.